Hati ya Mvua ya Mwabagole

Wingu lilikuwa moja tu.

"Hilo hapo," alisema Injinia Hollo Masunga, akiligusa kwenye kioo kwa ncha ya kalamu. "Tunalivuta tangu Jumatatu. Jana liligoma kabisa, nikadhani tumelipoteza. Leo alfajiri likaja lenyewe, kama mbuzi aliyechoka kutoroka."

Nyamizi Kasubi, Waziri wa Mvua wa Jimbo la Bukenha, alilitazama. Kwenye kioo lilikuwa doa la kijivu lisilozidi kiganja, limetulia katikati ya minara minne iliyojengwa juu ya mlima Sengwa. Lakini ukitoka nje na kuinua macho uliliona lile lile, kubwa, jeusi tumboni, halisogei hata kidogo, ilhali upepo ulikuwa ukivuma na kupeperusha mavumbi uani. Wafanyakazi wa kituo walikwisha kuzoea. Wageni wa mara ya kwanza walishindwa kumaliza chakula. Wingu lilikuwa limefungwa kama ng'ombe.

"Lina maji kiasi gani?" Nyamizi aliuliza.

"Ya bonde moja, Mheshimiwa. Siku mbili za mvua nzuri. Ukiligawa, kila upande utapata manyunyu ya kutuliza vumbi, basi."

"Na lingine?"

"Siku kumi na tisa. Minara haiumbi maji, inayakusanya tu. Tukishamwaga hili, hewa ya huku inabaki kavu mpaka unyevu mwingine upande kutoka ziwani."

"Ilalanguru wanaendeleaje?"

Hollo alivuta picha nyingine, na kioo kikajaa mashamba ya mahindi yaliyopigwa picha kutoka juu, majani yake yamejikunja kama karatasi iliyokaribia moto.

"Yanachanua, yanatoa mbelewele," alisema. "Wiki hii na ijayo ndizo zinazoamua. Muhindi ukikosa maji wakati huu, hata uumwagie mto mzima baadaye utavuna mabua. Na ni watu elfu arobaini, Mheshimiwa. Mwaka jana walivuna nusu. Mwaka juzi hawakuvuna."

Juu ya meza zililala hati mbili za mvua. Hakuna tone lililoanguka Bukenha bila hati, na hakuna hati iliyofanya kazi bila kidole gumba cha waziri, kidole chenye damu inayotembea, ili mtu asije akatumia cha maiti au cha plastiki. Hati ya kwanza iliandaliwa na mafundi wa kituo: Ilalanguru, siku mbili mfululizo, kuanzia Jumapili saa kumi jioni, upepo utakapogeuka. Ya pili ililetwa asubuhi hiyo na dereva wa Waziri Kiongozi: Mwabagole mjini, Jumapili, saa tano na nusu asubuhi. Sababu: Siku ya Maombi ya Jimbo. Maelekezo: ianze taratibu, radi zisizidi mbili.

"Radi zisizidi mbili," Hollo alisoma kwa sauti. "Mwaka jana walitaka tatu, Askofu akashtuka akadondosha miwani."

Alicheka peke yake, akaacha.

"Mwabagole wana shida gani?" Nyamizi aliuliza, ingawa alijua.

"Lambo lao lina maji ya miezi mitatu. Shida yao ni uchaguzi mdogo."

Nyamizi alizikunja hati zote mbili akazitia mkobani.

*

Waziri Kiongozi, Sebastiani Lugwisha, alikuwa mtu wa kumpokea mgeni mlangoni na kumwuliza kama amekula. Hata aliyekuja kufukuzwa kazi aliulizwa kama amekula.

"Dada Nyamizi, karibu. Umekula?"

"Nimefunga, Mzee."

"Ah, wewe na kufunga! Ndiyo maana watu wanakupenda." Alimvutia kiti. "Hollo ameniambia umeondoka na hati mbili. Mbona mbili? Jumapili tuna shughuli moja."

"Ilalanguru mahindi yanakufa."

"Najua."

"Tukimwaga Mwabagole tutakuwa tumewaua."

"Usiseme kuua. Chakula cha msaada kipo. Nitapeleka malori mwenyewe, nitapiga nao picha." Alitabasamu, kisha tabasamu likaondoka taratibu. "Sikiliza. Tukipoteza kiti cha Mwabagole, wale wenzetu wanaingia na wingi wa mtu mmoja. Unajua ilani yao inasemaje kuhusu minara? Wataiuza. Mvua itanunuliwa na mwenye nacho. Ilalanguru hawatapata hata hayo manyunyu, si mwaka huu tu, ni maisha yao yote. Mimi nakuomba uchague msimu mmoja badala ya misimu yote. Hiyo dhambi yake iko wapi?"

Lililomuuma Nyamizi ni kwamba maneno yale hayakuwa ya uongo mtupu. Kama yangekuwa uongo mtupu angenyanyuka akaondoka.

"Dhambi yake," alisema hatimaye, "ni kwamba tutawaambia ni Mungu."

"Na si Mungu? Nani aliumba unyevu? Nani aliwapa mafundi akili? Mimi naona ni Mungu kabisa, tena amepitia kwako. Wangapi wanaipata neema hiyo?"

Miaka kumi na moja nyuma, Nyamizi alikuwa diwani wa viti maalumu na katibu wa kwaya, mama wa watoto watatu aliyepika vitumbua alfajiri. Siku ya mkutano wa kampeni wa Mwabagole, mchungaji aliyepangwa kuombea mvua alishikwa na homa, wakamsukuma yeye jukwaani. Hakuwa na maneno. Alipiga magoti kwenye mbao, akasema tu, "Baba, tumekauka, tuonee huruma," na akalia. Kabla hajafuta machozi mvua ilimnyeshea mgongoni. Watu walimbeba juu juu. Tangu siku ile alikuwa Mama wa Mvua. Akawa mbunge wa jimbo, akawa naibu, akawa waziri. Usiku alipoamka kusali na kukuta moyo mzito, aliikumbuka siku ile na moyo ukawa mwepesi. Alisema: hata kama sijui lolote, najua nilisikiwa.

Wiki yake ya kwanza katika Wizara aliomba kuona daftari la hati za zamani. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka kuiona tarehe ile imeachwa wazi, auguse uwazi ule kwa kidole. Haikuwa wazi. Kulikuwa na hati, Mwabagole mjini, saa nane na dakika kumi mchana, imewekwa kidole na waziri wa wakati huo, Sebastiani Lugwisha. Mbele ya neno Sababu paliandikwa neno moja: Kampeni.

Hakumwambia mtu. Na mara mbili tangu wakati huo, kwenye Siku ya Maombi, aliweka kidole chake mwenyewe asubuhi, akapiga magoti mchana, akasema Baba, tuonee huruma. Mara mbili zote aliambiwa wingu ni la ziada na hakuna atakayeumia. Hivyo ndivyo alivyojituliza.

"Mzee," alisema sasa, "nikikataa?"

Lugwisha alimsindikiza hadi mlangoni kama alivyompokea, mkono wake begani.

"Huwezi kukataa, dada. Si kwa sababu nitakulazimisha. Wewe ni mtu wa huruma, na ukikaa chini ukapiga hesabu ya huruma utaona niko sahihi."

*

Jumamosi asubuhi Nyamizi alijifungia katika chumba kidogo nyuma ya ofisi yake, akaomba kwa saa tatu. Hakupata ishara yoyote. Magoti yaliuma, feni ilizunguka, na nje mhudumu alikuwa akiburuta viti. Mwishowe alichoka kungoja kuambiwa, akaamua kama mtu mzima anavyoamua. Akarudi mezani, akaitandaza hati ya Ilalanguru, akabonyeza kidole. Taa ndogo ya kijani ikawaka ukingoni. Ile ya Mwabagole akaichana vipande vinne.

Alijisikia mwepesi hata akaona njaa. Mhudumu alimletea chai na maandazi mawili, na katibu muhtasi wake akaingia na jalada la kila Jumamosi, kwa kuwa kesho yake Waziri angekuwa nje ya kituo. Ruhusa ya gari. Posho ya walinzi. Barua ya kumkaimisha Naibu Waziri hadi atakaporejea. Nyamizi alizisaini zote moja baada ya nyingine, huku andazi likiwa mkono wa kushoto, kama alivyosaini kila wiki kwa miaka minne.

*

Uwanja wa Mwabagole ulianza kujaa saa moja. Watu wa Mwabagole walikuwa na desturi yao: kwenye maombi ya Mama wa Mvua kila mtu alikuja na mwamvuli uliofungwa, ili imani yake ionekane. Wachuuzi waliingia na mafungu ya miamvuli yenye sura ya Nyamizi, sura ya miaka kumi na moja nyuma, mashavu yangali membamba.

"Mwamvuli, mwamvuli! Usije ukasema hukuambiwa!"

"Mama! Ya leo ya mawe au ya kawaida?" kijana mmoja alipaza sauti Nyamizi aliposhuka kwenye gari, na watu wakacheka kwa furaha.

"Wewe omba ya kawaida, bati lako lenyewe limetoboka," mwanamke wa pembeni alimjibu.

Chini ya ngazi za jukwaa palikuwa na kikapu cha simu. Kila kiongozi aliacha yake pale, maana si adabu kuingia katika maombi na simu. Nyamizi aliweka ya kwake chini kabisa.

Sheikh aliomba. Askofu aliomba, miwani ameishika mkononi. Lugwisha alitoa salamu za serikali kwa kifupi, akaketi. Saa tano na dakika ishirini mshereheshaji alimwita Mama wa Mvua, na uwanja mzima ukainuka.

Nyamizi hakupiga magoti. Alisimama mbele ya kipaza sauti, mikono ameifungia nyuma.

"Ndugu zangu," alisema, "leo haitanyesha."

Watu walicheka kidogo wakidhani ni utani wa kuanzia.

"Haitanyesha kwa sababu sikusaini. Mvua ya Bukenha inasainiwa. Kuna wingu moja, na jana nimelipeleka Ilalanguru, kwa sababu wao wanakufa na ninyi mna maji. Mnaelewa? Si mimi, na sala yangu haina nguvu yoyote. Mvua mliyonibebea miaka kumi na moja iliyopita ilisainiwa na mtu, kwa ajili ya kura. Za mwaka jana na mwaka juzi nilizisaini mwenyewe, kisha nikaja hapa nikapiga magoti mbele yenu kama mtu asiyejua. Nimemsingizia Mungu. Nimewadanganya. Nawaomba mnisamehe, na mkishindwa kunisamehe nitaelewa."

Mtoto alilia mahali fulani akanyamazishwa. Nyamizi aliona nyuso za mstari wa mbele zikikunjamana, akajiandaa kupokea mawe au matusi. Alikuwa tayari. Kwa miaka minne hakuwahi kuvuta pumzi ndefu namna ile.

"Jinyenyekeze, mama!" sauti ya mzee mmoja ilisikika kutoka nyuma. "Endelea kujinyenyekeza!"

Ndipo radi ikapiga upande wa Sengwa, moja. Watu wote waligeuza vichwa. Ikapiga ya pili, karibu zaidi.

Nyamizi alingoja ya tatu. Alingoja huku akiomba, kwa moyo wake wote, ije ya tatu. Haikuja. Tone la kwanza lilimwangukia mkononi, kisha mvua ikashuka taratibu, sawasawa na maelekezo.

Uwanja ulipasuka kwa kelele. "Amejishusha, Mungu amemwinua!" Hakuna aliyefungua mwamvuli, waliitupa juu iliyofungwa, wakaruka, wakakumbatiana na watu wasiowajua. Yeye alishika kipaza sauti akapiga kelele, "Hapana! Izimeni! Hii ni ya Ilalanguru!" lakini chake kilikwisha kuzimwa na vingine kukabidhiwa kwaya. Vijana walipanda jukwaani wakambeba, na jinsi alivyozidi kupinga na kulia ndivyo walivyozidi kumshangilia kwa unyenyekevu wake.

Walipomshusha alijikuta kando ya Lugwisha, ambaye mlinzi alimshikia mwamvuli mkubwa mweusi. Lugwisha alimvuta ndani ya kivuli chake.

"Hotuba nzuri sana," alimwambia sikioni, na hakuwa anakejeli. "Mimi nisingethubutu. Lakini umeona, dada? Hata ukisema ukweli, inanyesha."

"Nani amesaini?"

"Kaimu Waziri. Una naibu mchapakazi. Alikuwa na barua yako."

Nyamizi alishuka ngazi, akapekua kikapu kilichojaa maji hadi akaipata simu yake. Hollo alikuwa amepiga mara kumi na tatu. Alimpigia, na Hollo alipopokea alikuwa akilia.

"Alikuja saa mbili asubuhi, Mheshimiwa. Ameifuta ya Ilalanguru, akaweka kidole kwenye mpya. Nilimwambia wewe hujaruhusu, akanionyesha saini yako. Ni saini yako kweli, Mheshimiwa. Ningefanya nini?"

"Hukufanya kosa, mwanangu. Rudisha kilichobaki."

"Hakuna kilichobaki. Likifunguka halifungwi tena."

*

Jumanne alikwenda Ilalanguru na gari moja, bila walinzi. Barabara ilishuka kutoka nchi iliyooshwa, yenye madimbwi na vyura wakiimba, ikaingia katika nchi nyeupe. Mpaka wa mvua ulikatwa kama kwa mkasi. Upande huu nyasi zilimeremeta, hatua ishirini mbele vumbi lilifuata gari.

Aliwakuta watu shambani, wapatao sitini, wanaume kwa wanawake, wameshika mapanga. Walikuwa wakikata mahindi ya shamba la juu, yaliyokwisha kushindwa, na kuyalundika. Waliacha kazi, wakamwamkia kwa heshima. Mwanamke mmoja mzee, mrefu, shingo imejaa mishipa, ndiye aliyemkaribia. Aliitwa Kabula Ndili, mwenyekiti wa kijiji.

"Mwangaluka, Mheshimiwa. Pole na safari. Hatuna kivuli cha kukukaribisha."

"Mayu, mama yangu, nimekuja kusema jambo." Nyamizi alikuwa amelirudia njia nzima. "Wingu lililonyesha Mwabagole lilikuwa lenu."

"Tunajua."

"Mmejuaje?"

"Si ulisema mwenyewe? Tulikuwa tunakusikiliza kwenye redio, wote, pale kwa fundi baiskeli." Kabula alijifuta jasho kwa upande wa kanga. "Wa Mwabagole hawakukuamini, walikuwa wanalowa. Sisi tulikuwa wakavu. Tumekuamini neno kwa neno."

Mtu mmoja aliguna. Mwingine akasema, "Na tulipiga makofi, mjinga mimi nilipiga makofi uliposema umetuletea," na wachache wakacheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Nitajiuzulu," Nyamizi alisema. "Barua nimeshaiandika."

"Ukijiuzulu itanyesha?"

Nyamizi alitikisa kichwa.

"Basi hilo ni lako na wakubwa wenzako. Huku tuna siku ngapi mpaka wingu lingine?"

"Kumi na saba. Na sitakuwa mimi wa kulisaini."

"Mahindi ya bondeni yana nane, ukiyabembeleza." Kabula aligeuka akatazama bondeni, ambako bado palikuwa na rangi ya kijani iliyochujuka, kisha akamrudia. "Kwa hiyo kwa siku hizi nane hakuna waziri wala mnara. Amebaki Mungu mwenyewe. Basi mwombe."

"Mayu, mimi? Mimi ndiye sistahili kabisa. Waombe wazee, mwombe katekista wenu..."

"Katekista ameomba tangu mwezi wa kwanza. Sisi hatujawahi kumsingizia lolote. Wewe ndiye uliyemsingizia, wewe ndiye ukamwambie."

Nyamizi alipiga magoti pale pale kati ya mistari. Udongo ulikuwa wa moto. Alifungua kinywa, na maneno yaliyotoka yalikuwa yale ya jukwaani, Baba, tumekauka, tuonee huruma, yamelainika kwa kutumiwa, kila pumziko mahali pake. Aliyasikia, akaona aibu, akanyamaza. Alijaribu tena bila maneno. Hakusikia chochote isipokuwa mapanga, kwa maana watu walikuwa wamerudi kazini. Hawakuwa na muda wa kumsubiri. Mabua yakikauka kabisa hata ng'ombe hayali.

Kivuli kilimwangukia. Kabula alikuwa amesimama mbele yake, akimnyooshea panga, mpini mbele.

"Unaweza kusali huku unakata," alisema. "Mstari huo hauna mtu."

Nyamizi alilipokea. Aliinuka, akapandisha sketi yake ya kitenge, akashika bua la kwanza na kulikata kwa chini. Gunzi lilikuwa limeanza kutokeza ubavuni. Alilimenya kwa vidole. Lilikuwa refu kama kidole gumba chake, laini, jeupe, halina punje hata moja. Akaliweka juu ya rundo pamoja na bua lake, akainama kukata la pili, midomo yake ikisogea. Watu wa mistari ya jirani walimsikia. Hakuna aliyeitikia amina.